Kabla hujabeba bomba la dawa shambani

Msimu wa kupulizia michungwa ukikaribia hapa Muheza, swali linaloulizwa ni dawa gani inaua zaidi. Mimi huanzia kwenye kipokezi kidogo kilichopo pale neva inapokutana na msuli.

Ni protini ya vipande vitano vilivyosimama duara, katikati pana tundu. Neva ikitaka mkono uinuke, humwaga asetilikolini, kemikali ya kupeleka ujumbe. Molekuli mbili zikishakaa kwenye kipokezi, tundu hufunguka, sodiamu huingia ndani ya seli na msuli hujikaza. Kufumba na kufumbua, kimeng'enya kilicho jirani huivunja asetilikolini, msuli ukalegea. (Umbo la kipokezi hiki lilijulikana sana kupitia samaki aitwaye taa, wa aina ile inayopiga shoti; kiungo chake cha umeme kimejaa vipokezi hivi.)

Dawa za wadudu za kundi la oganofosfeti, kama profenofosi na klopirifosi, hukizima kile kimeng'enya. Asetilikolini hurundikana, misuli huchezacheza, kisha huishiwa nguvu, hata ile ya kupumulia. Mdudu anacho kimeng'enya hicho, nawe unacho.

Basi soma lebo ukiwa bado nyumbani, ujue umebeba nini. Vaa ovaroli ya mikono mirefu, glovu za mpira na buti, suruali ikae juu ya buti, maana dawa hizi hupenya ngozi. Beba nozeli ya akiba na mswaki wa zamani. Nimemwona kijana nozeli yake imeziba, akaitia mdomoni akaipuliza. Alipoitoa, midomo ilikuwa inang'aa dawa. Niliumia sana kumwona. Chukua pia maji mengi na sabuni, na upulizie asubuhi upepo ukiwa umetulia.

Usiende peke yako. Mwenzako azijue dalili: mate na machozi kutiririka, jasho jingi, kifua kubana, mboni kuwa ndogo kama ncha ya sindano. Akiziona akuvue nguo, akuoshe, akukimbize hospitali, naye avae glovu asije akapata yake.

Hospitali watakupa atropini. Hiyo huziba vipokezi vya asetilikolini vya aina nyingine, vya kwenye tezi, moyo na njia ya hewa, hivyo hukausha majimaji ya mapafuni. Kile cha kwenye msuli haikigusi, na mgonjwa anaweza kuhitaji mashine ya kumsaidia kupumua. Kwa hiyo panga usafiri mapema, na lebo ya dawa iende pamoja na mgonjwa.