Ulitega au ulinasa? Kitenzi "trap" hatua kwa hatua

Natafsiri kati ya Kiswahili na Kiingereza, na kitenzi kilichowahi kunitia aibu kuliko vyote kina herufi nne tu. Ripoti ya mradi mmoja wa ufugaji ilisema: "Wanakijiji walitega fisi mara tatu mwezi huo." Nikaandika: "The villagers trapped hyenas three times that month." Siku mbili baadaye wafadhili wakaleta barua pepe: hao fisi wako wapi sasa, na nani anawalisha? Fisi hakuwepo hata mmoja. Kulikuwa na mitego mitupu, na chambo kilicholiwa na mbwa wa jirani.

Hatua ya 1: Tenganisha kutega na kunasa

Kutega ni kazi ya mtu. Unafunga kitanzi, unaweka chambo, unaenda zako kulala. Kunasa ni kazi ya mtego. Ndiyo maana unaweza kutega wiki nzima usipate hata panya, na hakuna atakayesema umedanganya.

"Trap" kiko upande wa kunasa. Ukisema "I trapped a rat", panya keshaingia. Kwa kutega, Kiingereza kina maneno matatu: "set a trap". Basi "Nilitega panya lakini hakunasa" inakuwa "I set a trap for the rat, but I didn't catch it." Usiisahau hiyo "for". Ukiandika "I trapped the rat but it did not come", Mwingereza atakuona kama mtu anayesema amemkamata kuku, na kuku bado anakimbia uani.

Kila ninapotaka kuandika "trapped" najiuliza: keshanasa? Kama jibu ni bado, narudi kwenye "set a trap".

Hatua ya 2: Andika p mbili

Trap, trapped, trapping. Ukiandika p moja, "traped", msomaji ataisoma kwa sauti ya "taped". Na mwisho wa "trapped" hutamkwa t, silabi moja: "trapt". Ile "trapedi" ya darasani iache hukohuko.

Hatua ya 3: Zoea mtego usio na mtegaji

Hapa ndipo wanafunzi wangu hukwama, kwa sababu kwetu mtego una mwenyewe. Waingereza hukitumia kitenzi hiki mara nyingi pasipo mtu yeyote aliyetega. Mwaka 2010 mgodi wa San José nchini Chile uliporomoka, na wachimbaji 33 wakabaki chini ya ardhi siku 69. Kwa Kiingereza: "Thirty-three miners were trapped underground for 69 days." Nani aliwatega? Hakuna. Jabali lilianguka, njia ikazibika. Mwaka 2018 watoto 12 na kocha wao wa mpira waliingia pango la Tham Luang huko Thailand, mvua ikanyesha, maji yakawafungia ndani. "They were trapped by rising water."

Tazama vihusishi: "by" hutaja kilichosababisha, "in" hutaja mahali, "under" ni ya kifusi. Kiswahili hapa hakina neno moja. Mimi huchagua kati ya kunasa, kukwama na kufukiwa kwa kuangalia kilichotokea.

Lakini si kila kukwama ni "trapped". Umekaa kwenye foleni saa mbili, jua linawaka, simu inakaribia kuzima: hiyo ni "stuck in traffic". Gari limepinduka na mlango haufunguki: "trapped in the car". Ninavyopima ni hivi: kama unachohitaji ni subira, "stuck", kama unahitaji kuokolewa, "trapped". Lifti iliyozimika inakubali yote mawili, kutegemea hofu yako. Ndoa na kazi pia huingia hapa, "I feel trapped in this job", na aliyesema hivyo hatanii.

Halafu kuna vitu. Hewa ya ukaa "traps heat", yaani huzuia joto lisitoke. Mwingereza aliyebanwa kidole na mlango husema "I trapped my finger in the door", kana kwamba alijitega mwenyewe.

Hatua ya 4: Kwa hila, tumia "into"

"Walimtega akasaini mkataba" ni "They trapped him into signing the contract." Usiandike "to sign". Ona pia kwamba kwa Kiswahili ni "akasaini" inayotuambia mtego ulifanya kazi. Ukiifuta, hujui kama alisaini.

Hatua ya 5: "Entrap" waachie wanasheria

"Entrap" hutumika hasa pale polisi wanapomshawishi mtu kutenda kosa ambalo hakuwa na nia nalo. Kesi ya kukumbuka ni ya Sorrells, Marekani, 1932, wakati pombe imepigwa marufuku. Afisa wa serikali alijifanya mtalii, akamwomba Sorrells whisky zaidi ya mara moja, huku wakikumbushana vita walivyopigana katika divisheni moja. Mwishowe Sorrells akaenda kumtafutia. Mahakama ya Juu ilisema utetezi wake wa kutegwa ulistahili kusikilizwa. Lakini polisi wakimvizia mwizi aliyekwisha kupanga wizi wake, hapo ni "trap" ya kawaida.

"Ensnare" nalo lina kitanzi cha kamba ndani yake. Ni neno la magazeti na riwaya. Usiende nalo sokoni.

Hatua ya 6: Zijue "tega" zisizohusika

Kutega sikio ni "listen carefully". Kutegea kazi ni "dodge work". Gumu ni hili: unasimulia kwa Kiingereza jinsi bibi alivyokuwa akisema "Kitendawili!" nanyi mkaitikia "Tega!" Niliwahi kusoma tafsiri iliyoandika "Trap!" na watoto wakasikika kama wawindaji. Mimi huliacha "Tega!" kama lilivyo, kisha naongeza: "we shouted back, ready for it".