Kabla hujaenda kutembelea migomba ya Kilimanjaro

Ukisikia shamba la ndizi ukapata picha ya mistari iliyonyooka, mikungu imevishwa mifuko ya plastiki ikisubiri meli, hiyo ni Costa Rica au Ecuador. Marangu, Machame, Kibosho au Uru utakachokuta ni kihamba, na kihamba ni nyumbani kwa mtu. Migomba imeizunguka nyumba, banda la ng'ombe liko nyuma ya jiko, na mara nyingi makaburi ya wazee yamo humohumo. Kwa hiyo kabla ya nauli, tafuta mwenyeji. Piga hodi ukiwa bado nje ya uzio wa masale, mwamkie mzee au mama mwenye nyumba, eleza umetoka wapi na unataka kuona nini. Picha omba. Kaburi usilipige picha hata kama limezungukwa na maua mazuri.

Kama unapelekwa na kampuni au kijana wa kuongoza wageni, uliza mapema mwenye kihamba anapata kiasi gani katika hela unayolipa. Wapo wanaogawana vizuri, na wapo wanaomwachia mama wa watu "asante" tu baada ya kikundi kizima kukanyaga maharage yake.

Kuhusu majira, masika ya Machi hadi Mei yananawirisha migomba lakini yanageuza njia za mlimani kuwa utelezi mtupu. Juni na Julai pakavu zaidi, ila kuna mawingu na baridi, kwa hiyo sweta lisikose. Desemba ni habari nyingine: Wachaga wanarudi nyumbani, mabasi ya kutoka Dar yanajaa na mwenyeji wako ana ukoo mzima wa kuhudumia. Nguo vaa za zamani, maana utomvu wa mgomba ukishakauka kwenye shati, hilo ndilo shati lako la shamba. Viatu viwe vigumu, na uvioshe kabla ya kwenda, hasa kama umetoka Kagera au Uganda. Mnyauko wa bakteria wa migomba umesumbua Uganda tangu 2001 na Kagera tangu 2006, na unasambazwa pia na panga lililokata mgomba mgonjwa. Ukiombwa ukanyage maji ya dawa kabla ya kuingia, kanyaga bila maswali.

Sasa uchumi wenyewe. Ukienda kuhesabu mikungu tu utarudi hujaelewa kitu, kwa sababu sehemu kubwa ya thamani ya mgomba haifiki sokoni. Mgomba ukishavunwa, shina linakatwakatwa, ng'ombe wa ndani wanakula. Majani yanatandazwa bandani au juu ya udongo. Samadi inarudi kwenye mashina. Chini ya kivuli chake kuna kahawa, na chini ya kahawa magimbi na maharage. Ndiyo maana eneo la ekari moja au mbili limeweza kulea familia vizazi hata vizazi, na ndiyo maana FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, iliutambua mfumo huu, kupitia vihamba vya kijiji cha Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wa dunia mwaka 2011.

Jambo la kuuliza, kwa adabu, ni nani mwenye hela ya nini. Kwa desturi kahawa ilikuwa ya baba. Yeye ndiye aliyeipeleka kwenye chama cha ushirika, na chama kikuu cha ushirika cha KNCU kilianzishwa 1933 kwa ajili ya kahawa hiyo. Ndizi zilikuwa za mama: chakula cha nyumbani, na ziada ikauzwa kwa ajili ya chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Bei ya kahawa ilipoanguka, wapo waliong'oa mibuni wakaongeza migomba, na ndizi ikawa hela ya ada ya shule. Hapo wanaume nao wakaanza kuiangalia kwa jicho jingine. Ukipata bibi mwenye muda, mwache aeleze mwenyewe. Atakufundisha kuliko kibao chochote cha utalii.

Halafu panga safari yako iangukie siku ya soko. Masoko ya mlimani yanapokezana siku, kwa hiyo mwenyeji akuambie la karibu ni lini, nawe uwahi asubuhi. Akina mama wanafika na mikungu kichwani au kwenye bodaboda. Dalali hapimi kwa kilo. Anauinua mkungu kidogo, anapapasa ndizi za chana la chini kuona kama zimejaa au bado zina kingo kali, kisha anataja bei ambayo mama anaicheka. Nyingine zinapakiwa kwenye malori ya Fuso kwenda Dar, ambako soko la Mabibo watu wanaliita Mahakama ya Ndizi. Nyingine zinavuka mpaka wa Holili kwenda Taveta, Kenya. Linganisha bei uliyoisikia mlimani na ile unayolipa mjini kwako, halafu uliza nauli, ushuru na ndizi zinazoharibika njiani. Si tofauti yote inayoingia mfukoni mwa dalali.

Utakaribishwa kula. Mtori, supu nzito ya ndizi, na machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, hupikwa kwa ndizi aina ya mchare. Ndizi kisukari huliwa mbivu. Mbege, pombe ya kienyeji, hutengenezwa kwa ndizi mbivu zilizochemshwa na ulezi uliooteshwa, nayo pia ni biashara ya kina mama wengi. Kama hunywi, sema mapema, hakuna atakayekasirika.

Ukitaka kubeba kitu, nunua mkungu uliokomaa, na konda wa basi mpatane bei ya mzigo kabla haujapanda juu. Machipukizi ya kwenda kupanda usibebe hata ukipewa bure: wadudu aina ya fukusi na minyoo husafiri ndani ya tunguu, ile sehemu nene ya shina iliyo ardhini, bila kuonekana. Miche tafuta kwa mzalishaji anayeaminika, afisa kilimo wa kata yako atakuelekeza.