Kukokotoa nishati ya fuwele kwa kompyuta ya kawaida: kutoka kalsiamu floridi hadi mkaa wa mifupa

Mwongozo huu unamlenga mwanafunzi wa uzamili wa kemia au fizikia aliyeko Dodoma au Singida, mwenye swali la utafiti na kompyuta ya kawaida, lakini ambaye hajawahi kukokotoa fuwele hata moja. Swali nitakalolitumia linatuhusu sisi wenyewe. Baadhi ya visima vya mikoa hii hutoa maji yenye floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na mojawapo ya njia za kuyasafisha ni kuyapitisha kwenye mkaa wa mifupa. Kinachofanya kazi ndani ya mkaa huo ni haidroksiapatiti, madini ya aina ileile inayojenga mifupa na meno yetu, ambamo floridi huingia na kuchukua nafasi ya haidroksidi. Tunataka kujua ubadilishanaji huo unapendelewa kinishati kwa kiasi gani.

Msingi wa kazi yote ni nadharia ya msongamano wa elektroni. Mwaka 1964 Pierre Hohenberg na Walter Kohn walionyesha kwamba nishati ya elektroni katika hali yao ya chini kabisa huamuliwa na msongamano wao pekee, na mwaka 1965 Kohn na Lu Sham wakatoa milinganyo inayowezesha nishati hiyo kukokotolewa. Kohn alikuwa mwanafizikia wa nadharia, lakini mwaka 1998 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia pamoja na John Pople. Kwa mtazamo wangu hiyo ni sababu ya kutosha kwa idara zetu za kemia na fizikia kuacha kufundisha somo hili kila moja kivyake.

Hatua ya 1: Anza na fuwele ambayo jibu lake linajulikana

Usianze na haidroksiapatiti, kwa kuwa kipande chake kidogo kinachojirudia kina atomu 44, na kosa lolote utakalolifanya litafichika humo kwa wiki nzima. Anza na kalsiamu floridi, CaF₂. Kipande chake cha msingi kina atomu tatu tu: kalsiamu moja kwenye nukta sifuri, na floridi mbili kwenye robo na robo tatu ya ulalo wa mchemraba. Ulinganifu wa fuwele hii umezifunga atomu zote mahali pake, kwa hiyo kitu pekee kinachobaki kutafutwa ni urefu wa upande wa mchemraba, ambao vipimo vya maabara vinaonyesha kuwa ni angstromu 5.463 (angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). Kama kompyuta yako haikupi namba iliyo karibu na hiyo, hakuna haja ya kusonga mbele.

Fuwele hii nimeichagua pia kwa sababu tutaihitaji tena katika hatua ya mwisho, hivyo jaribio hili ni sehemu ya utafiti wenyewe.

Hatua ya 2: Programu na potenshali

Tumia Quantum ESPRESSO, ambayo ni programu huria, haina malipo, na kwenye mfumo endeshi wa Ubuntu hupatikana katika hazina ya kawaida ya mfumo. Ukishaipakua, intaneti haihitajiki tena wakati wa kukokotoa. Maumbo ya fuwele yapo kwenye hazina huria ya COD.

Programu haishughulikii elektroni zote za atomu. Zile za ndani kabisa, zilizo karibu na kiini, huwakilishwa na potenshali bandia, nazo faili zake zilizokwisha kupimwa zinapatikana katika mkusanyiko uitwao SSSP. Fungua faili ya kalsiamu kabla ya kuitumia, usome idadi ya elektroni zinazohesabiwa. Inapaswa kuwa 10, yaani mbili za nje pamoja na nane za ganda linalofuata kwa ndani, kwa sababu hizo nane nazo huguswa na majirani. Florini ina 7, na atomu zake mbili zinafanya 14. Jumla ni elektroni 24, ambazo hujaza ngazi 12. Namba hizo mbili utazikuta karibu na mwanzo wa faili ya matokeo, na zikitofautiana na hizi, simamisha kazi palepale.

Hatua ya 3: Kikomo cha nishati na gridi

Hapa ndipo tasnifu nyingi hupata udhaifu wake, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Elektroni huelezwa kwa kujumlisha mawimbi mengi, na kigezo `ecutwfc` huamua mawimbi yataishia wapi. Kikomo kikiwa chini, hesabu huisha haraka lakini jibu ni la uongo. Kikiwa juu mno, unapoteza muda na umeme. Florini ni elementi ngumu katika jambo hili, kwa kuwa elektroni zake za nje zimebanwa karibu na kiini na huhitaji mawimbi mafupi ili zielezwe sawasawa. Endesha hesabu ileile kwa rydberg (kizio cha nishati, takriban elektronivolti 13.6) 30, 40, 50 na kuendelea hadi 100, kisha chora mchoro wa nishati dhidi ya kikomo. Nishati hiyo utaipata kwenye mstari wa matokeo unaoanza na alama ya mshangao.

Wengi hukosea kwa kuangalia nishati ya jumla peke yake. Nishati ya jumla huchelewa kutulia, ilhali kemia haiitumii kama ilivyo. Hutumia tofauti kati ya nishati mbili, na tofauti hutulia mapema zaidi kwa kuwa sehemu kubwa ya kosa imo pande zote mbili na hujifuta. Kwa hiyo kokotoa mchemraba wa angstromu 5.45 na wa 5.55 kwa kila kikomo, uchukue tofauti yao. Pale ambapo tofauti hiyo haibadiliki tena kwa zaidi ya elektronivolti 0.001 kwa atomu, hapo ndipo pa kusimama. Fanya vivyo hivyo kwa gridi ya nukta k, yaani sampuli za mawimbi ya elektroni ambazo programu huzitumia kuwakilisha fuwele nzima inayojirudia: kalsiamu floridi haipitishi umeme, hivyo gridi ya 4×4×4 mara nyingi hutosha, lakini thibitisha kwa 6×6×6.

Usinakili kikomo kutoka kwenye makala ya mtu mwingine aliyetumia potenshali tofauti na zako. Mwaka 2016 kundi kubwa la watafiti lilichapisha ulinganisho wa programu 15 kwa fuwele za elementi 71, likaonyesha kwamba programu na potenshali za kisasa zinakubaliana vizuri sana zikitumiwa kwa uangalifu. Mtahini anajua hivyo, na matokeo yako yakiwa tofauti na ya wengine ataanza kwa kukuuliza umeweka vigezo gani.

Hatua ya 4: Jiandae kwa umeme kukatika

Weka kigezo cha `max_seconds` ili programu isimame yenyewe na kuhifadhi kazi, kisha uiendeleze kwa `restart_mode='restart'` ukitumia idadi ileile ya prosesa. Umeme ukikatika ghafla na kompyuta imebaki kwenye betri au UPS, tengeneza faili tupu yenye jina la kazi yako likifuatiwa na `.EXIT`, programu itaiona, itahifadhi ilipofikia na kusimama kwa utaratibu. Kompyuta ikizimika kabla ya hapo, uendelezaji huo hauaminiki. Katika hali hiyo chukua mpangilio wa mwisho wa atomu uliomo kwenye faili ya matokeo, uanze nao upya.

Hatua ya 5: Tafuta upande wa mchemraba

Kokotoa nishati kwa pande saba, kuanzia angstromu 5.35 hadi 5.65 kwa nafasi ya 0.05, kisha tumia `ev.x`, ambayo huja na programu hiyo, kulinganisha namba hizo na mlinganyo wa Birch na Murnaghan, unaohusisha nishati ya fuwele na ujazo wake. Utapata upande wenye nishati ya chini kabisa pamoja na ugumu wa fuwele dhidi ya mgandamizo.

Kwa kanuni ya PBE ya mwaka 1996, ambayo ni kadirio la sehemu ya nishati ya elektroni isiyojulikana kikamilifu katika nadharia hii, tegemea jibu lililozidi kipimo cha maabara kwa takriban asilimia moja. Hiyo ni tabia ya kanuni yenyewe, wala usijaribu kuirekebisha kwa kuchezea vigezo. Tofauti ikizidi asilimia mbili, kagua kwanza vipimo vya urefu, kwa sababu angstromu 5.463 ni sawa na bohr 10.324 (bohr ni kizio kingine cha urefu), na kuchanganya vizio hivyo viwili ni kosa la kila siku. Pengo la nishati, yaani tofauti kati ya ngazi ya juu iliyojaa elektroni na ya chini iliyo tupu, nalo litatoka dogo mno: maabara hupata takriban elektronivolti 12, na PBE hupungukiwa sana. Usiliripoti kama ugunduzi.

Hatua ya 6: Nenda kwenye apatiti

Sasa swali letu linaweza kuandikwa kwa yabisi nne zisizo na chaji, jambo linalotuepusha na ugumu wa kukokotoa ayoni ndani ya maji:

Ca₁₀(PO₄)₆(OH)₂ + CaF₂ → Ca₁₀(PO₄)₆F₂ + Ca(OH)₂

Unapochukua haidroksiapatiti kutoka hazina ya fuwele, hesabu atomu zake kabla ya yote. Katika umbo lake la heksagoni, kila haidroksidi huandikwa mara mbili, ikielekea juu na ikielekea chini, kila mwelekeo ukihesabiwa nusu. Programu haielewi nusu ya atomu. Ukiigeuza faili bila kuitazama utapata atomu 48, yaani haidroksidi nne badala ya mbili, na nishati itakayotoka haitakuwa na maana yoyote. Chagua mwelekeo mmoja, ufute mwingine, ubaki na atomu 44. Floroapatiti haina tatizo hilo, kwa kuwa floridi hukaa katikati, bila kuelekea juu wala chini, nayo ina atomu 42.

Yabisi zote nne zitumie potenshali zilezile na kikomo kimoja, kile kikubwa kuliko vyote vilivyohitajika; ukibadilisha kimojawapo, tofauti ya nishati itakuwa ya vigezo na siyo ya kemia. Katika apatiti na kalsiamu haidroksidi ruhusu atomu zisogee hadi zitulie. Kwa kazi hii omba nafasi kwenye seva ya chuo, kwa maana kompyuta mpakato itachoka.

Toa jumla ya nishati za upande wa kushoto kwenye jumla ya upande wa kulia. Jibu likiwa hasi, floridi inapendelea kukaa ndani ya apatiti kuliko ndani ya kalsiamu floridi. Andika kando ya namba hiyo kwamba ni ya sifuri kelvini na haina maji ndani yake, kwa hiyo haisemi chujio litadumu miezi mingapi wala maji yapite kwa kasi gani. Mambo hayo hupimwa kwa ndoo, mkaa na maji ya kisima husika.