Kulenga fokasi ya ultrasaundi katika uchunguzi wa busha

Katika mikoa ya Lindi na Mtwara, ambako matende na mabusha yamewasumbua watu wa pwani kwa miaka mingi, si ajabu kumpokea mgonjwa ambaye korodani yake imezungukwa na maji, kisha picha, hata kwa probu bapa (kifaa cha mkononi kinachopitishwa juu ya ngozi kurusha na kupokea mawimbi ya sauti) ya megahezi 10, ikatoka na ukungu pale hasa panapotafutwa ugonjwa. Mara nyingi mashine haina kosa. Fokasi, yaani kina ambapo mawimbi ya sauti hukusanyika na picha kuwa kali, imebaki ilikowekwa kwa mgonjwa aliyetangulia, aliyepimwa tezi ya shingo.

Mweleze mzee utakachofanya, mstiri kwa shuka, na uliinue busha kwa taulo iliyokunjwa ili lisitikisike. Rekebisha kina hadi ukuta wa nyuma uonekane, na chini yake ibaki nafasi ndogo tu. Kwa kuwa maji huisukuma korodani nyuma, shusha alama ya fokasi iliyo pembeni mwa skrini mpaka ilingane na korodani au ipite chini yake kidogo; ikiachwa juu, mawimbi yatakusanyika katikati ya maji.

Kwa megahezi 10, urefu wa wimbi mwilini ni takriban milimita 0.15, ndiyo maana vitu vidogo huonekana. Gharama yake ni kwamba ndani ya nyama mwangwi hupungua hadi kama sehemu moja ya kumi kwa kila sentimita moja ya kina. Maji hayali sauti kiasi hicho, kwa hiyo nyama iliyo nyuma yake hung'aa kupita kiasi, na mng'ao huo hufuta kingo. Punguza kwanza vitelezi vya chini vya kukuza mwangwi, yaani vile vya mashine vinavyokuza mwangwi wa kina kirefu, ndipo uihukumu fokasi. Busha likiwa kubwa mno, tumia probu iliyopinda ya megahezi 3.5 hadi 5.

Kuhusu kuongeza fokasi mbili au tatu, nashauri tahadhari. Kila fokasi hudai mpigo wake wa sauti katika kila mstari unaounda picha, hivyo fokasi mbili hupunguza kasi ya picha kwa karibu nusu. Korodani iliyotulia haidhuriki kwa hilo, lakini minyoo hai ya matende katika mishipa ya limfu ya mfuko wa korodani hutambulika kwa kujinyonganyonga bila kukoma, na picha inayokwenda polepole huweza kuuficha mwendo huo. Rudi kwenye fokasi moja, iweke juu ya mshipa uliotanuka, na uutazame kwa utulivu kabla ya kugandisha picha.

Uvimbe ulio kwenye ngozi yenyewe ni jambo jingine, kwa sababu unene wa mwali wa sauti hulengwa na lenzi iliyo ndani ya probu, nayo hulenga kina kimoja tu, mbali kidogo na uso wa probu, na haina kitufe cha kuisogeza. Weka jeli nene, au glavu iliyojazwa maji na kutolewa mapovu yote, ikiwa na jeli pande zote mbili, ili uvimbe usogee mbali kidogo na uso wa probu.