Kufunga chaja ya gari la umeme nyumbani: hatua ninazofuata

Chaja ya ampia 32 kwenye volti 230 inavuta wati 7,360. Fundi aliyezoea majiko ya umeme haoni ugeni wowote hapo. Tofauti iko kwenye muda: birika huchemka dakika chache likazimwa, gari huvuta usiku kucha. Kasoro ndogo uliyoiacha itapashwa moto saa sita, saba mfululizo.

Hatua ya 1. Piga hesabu ya mzigo wa nyumba nzima: jiko, hita ya maji, kiyoyozi, pampu. Ukizidi uwezo wa laini kuu, shusha chaja hadi ampia 16, au chagua yenye kihisi kinachopima laini kuu na kupunguza mkondo wenyewe.

Hatua ya 2. Vuta laini ya peke yake kutoka kwenye bodi ya breka za nyumba. Usichepushe soketi hata moja. Kwa breka ya ampia 40, kebo ya shaba ya milimita za mraba 6 inatosha ikipigwa klipu ukutani kwa umbali mfupi. Ikipita ndani ya paipu, kwenye dari lenye joto, au ikiwa ndefu, mimi napanda hadi 10.

Hatua ya 3. Weka RCD, kifaa kinachokata umeme unapovuja, ya miliampia 30, na usichukue ya aina AC. Gari likipata hitilafu linaweza kuvujisha mkondo mnyoofu (DC, kama wa betri), na mkondo huo huipumbaza RCD: mtu anapigwa na umeme, yenyewe imetulia tu. Tumia aina B, au aina A ikiwa chaja ina kinga ya ndani inayokata kwenye miliampia 6 za mkondo mnyoofu.

Hatua ya 4. Pima ethi, waya wa kwenda ardhini, kwa mita. Kuona waya wa kijani na njano hakutoshi. Pale nyutro na ethi zinapokuja kwa waya mmoja kutoka mtaani, waya huo ukikatika bodi ya chuma ya gari inaweza kuwa na umeme, na mwenye gari amesimama chini ardhini. Hapo funga kifaa kinachokata nyaya zote, ethi ikiwemo.

Hatua ya 5. Kaza skrubu kwa bisibisi yenye kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba yenye harufu ya plastiki kuungua. Kebo ilikuwa sahihi, breka sahihi. Nilipogusa skrubu ya nyutro kwa bisibisi ilizunguka nusu duara, na ganda la waya lilikuwa limekuwa kahawia, likipukutika kama ganda la karanga. Tangu siku hiyo sikazi kwa kukisia.

Hatua ya 6. Kabla ya kuiunganisha chaja, pima insulesheni, yaani uwezo wa ganda la waya kuzuia umeme, kwa volti 500. Isipungue megaohm 1. Ukishawasha, jaribu RCD kwa tesita: ikate ndani ya milisekunde 300.

Kisha chomeka gari, subiri saa nzima likichaji, upime joto la breka na viungio kwa kipimajoto cha infraredi. Kiungio kimoja kikiwa na moto kuliko vingine, zima, fungua, anza upya hapo.