Babu yangu alikuwa mpaka wa kusini: jinsi ya kuwasaka wazee kwenye hati za ardhi za Pwani

Kwetu Kisauni tulikuwa na nyumba ila hatukuwa na kiwanja. Asiyekulia Mombasa huona kama kichekesho: nyumba yako, mlango wako, makuti yako, lakini mchanga ulio chini ni wa mtu mwingine, na kila mwezi unampelekea kodi. Basi nilipostaafu ualimu nikaanza kuusaka ukoo wa baba, kila mtu aliniambia najichosha. "Mwalimu, hati za ardhi ni za wenye ardhi." Miaka miwili nzima niliwaamini. Kumbe baba wa babu yangu alikuwa ameandikwa muda wote huo, ila kwenye karatasi za jirani yake.

Kama wazee wako walikuwa wapangaji, vibarua au watu walioachwa huru, usianze kwa kutafuta hati yenye jina lao. Tafuta ya aliyepakana nao. Na njia ya kumpata huyo huanzia nyumbani.

Fungua masanduku. Shangazi yangu alikuwa na kijitabu cha risiti za kodi ya kiwanja kilichofungwa kwa uzi, kurasa za katikati zimeliwa na mchwa. Tarehe nyingi zilikuwa zimefutika, lakini fedha ilisomeka: rupia na anna, yaani vipande vidogo vya rupia. Rupia iliondoka kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1920, ikaja shilingi, kwa hiyo karatasi yoyote ya kodi yenye rupia ni ya kabla ya hapo, hata kama haina mwaka. Chini ya kila risiti palikuwa na sahihi ya mpokeaji kodi. Huyo ndiye niliyekuwa namtafuta, yaani mwenye ardhi.

Ukienda kwa wazee, usiwaulize "sisi asili yetu wapi?" Utajibiwa Shirazi au Yemen, na chai itapoa. Utumwa haukuondolewa kisheria kwenye ukanda huu hadi 1907, na kuna nyumba nyingi ambazo jambo hilo halisemwi mbele ya watoto, hata watoto wenyewe wakiwa na mvi. Uliza vitu vidogo. Kodi mlipeleka kwa nani? Minazi ile ilikuwa ya nani, na nani alikuwa akiiangua? Maiti zetu zilizikwa upande gani wa makaburi? Shangazi, aliyekataa kabisa kuzungumzia asili, alinieleza kwa saa nzima habari za minazi 14 ambayo babu yake aliimiliki kwenye shamba la mtu. Hapa Pwani mti na udongo vinaweza kuwa na wenyewe tofauti, na nyumba vilevile. Kwa hiyo usitafute ardhi peke yake. Mnazi nao huacha karatasi.

Sasa historia kidogo, maana bila hiyo hutajua uombe karatasi gani. Ukanda wa Pwani wa maili 10 ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar. Waingereza wakaanza kuutawala kwa niaba yake mwaka 1895, na bendera yake ikaendelea kupepea mpaka 1963. Mwaka 1908 ikatungwa Sheria ya Hati za Ardhi: kila anayesema shamba ni lake afike kwa Msajili wa Hati, alete ushahidi, apimiwe, apewe cheti. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ya serikali. Wenye majina makubwa na waliojua njia za ofisini walidai. Wamijikenda wengi, na watu waliokuwa wametoka utumwani juzi, hawakupata kitu. Ugomvi wa uskwota, yaani wa watu wanaokaa kwenye ardhi wasiyo na hati yake, mnaousikia hadi leo chimbuko lake ni hapo.

Lakini ili apate cheti, mdai alitakiwa kutaja mipaka minne na kuleta mashahidi. Mashahidi hao alikuwa akiwatoa wapi? Alimchukua anayeishi pale pale: mlinzi wa shamba, mgema, mpangaji mzee. Ndipo watu wetu wakaingia kwenye daftari.

Kusoma nambari ya kiwanja si kazi kubwa. Upande wetu huanza na herufi MN, yaani bara ya kaskazini ya Mombasa, na Likoni ni MS. Hufuata sehemu kwa nambari za Kirumi, kisha nambari ya kiwanja. Ukiwa nayo, fanya sachi, yaani uombe rasmi kuonyeshwa kumbukumbu za kiwanja hicho, kwenye masjala ya ardhi Mombasa. Hati za zamani za Pwani zina nambari inayoanza na CR. Fuata mauzo, rehani na urithi kurudi nyuma mpaka ufike cheti cha kwanza. Sheria ya 1908 ilifutwa mwaka 2012, lakini vyeti vilivyotolewa chini yake bado vina maana, na ndivyo unavyovitaka. Katika ofisi moja niliambiwa jalada limepotea, kisha nikaambiwa laweza kuonekana nikitoa cha chai. Sikutoa. Nikaenda kwa warithi wa mwenye ardhi.

Hapo nenda kwa adabu, na sema mapema kwamba hukuja kudai kiwanja. Mimi sikusema mapema, nikakalishwa barazani siku mbili bila hata maji. Siku ya tatu nilipowaeleza kwamba natafuta jina tu, mzee wa nyumba alileta bati la biskuti. Ndani mlikuwa na nakala ya madai ya babu yake, karatasi ya rangi ya ngozi ya tende, mikunjo imebandikwa gundi. Mipaka: kaskazini njia, mashariki pwani, magharibi shamba la fulani, kusini "nyumba na minazi ya Farah".

Kwetu hakuna Farah. Nikajua tu kwamba babu alikuwa Msomali! Miezi mitatu nikazunguka kwa Wasomali wa mjini kuulizia koo, nao kwa ukarimu wakaniulizia. Aliyeniokoa ni mwalimu wa chuo cha Kurani niliyempelekea risiti moja ya shangazi iliyoandikwa kwa khati ya Kiarabu. Akaisoma papo hapo: fa, ra, jim. Faraji. Kisha akaniandikia kwenye kiganja: jim ina nukta chini, ha haina. Nukta ikimezwa na wino, Faraji anakuwa Farah. Karani wa Kizungu alinakili alichokiona.

Na Faraji si jina la bure. Maana yake ni nafuu baada ya dhiki, na lilikuwa miongoni mwa majina waliyopewa sana watumwa, kama Mabruki, Baraka na Almasi. Jina peke yake halithibitishi kitu, lakini likikosa ukoo nyuma yake, wakati majirani wote wameandikwa bin fulani bin fulani, lizingatie. Shangazi nilipomwambia alinyamaza, akaendelea kuchambua mchele. Baadaye akasema, "Basi ndiyo maana minazi haikuwa na shamba."

Kwa hiyo andika kila jina kwa sura zote linazoweza kuwa nazo: Khamis, Hamis, Hamisi, Juma, Jumaa, bin, wadi, wa. Na usipitishe ukurasa wa mashahidi. Kwenye ile nakala, ukurasa wa tatu, Faraji yumo tena: anasema amekaa pale tangu kabla ya Waingereza, na hapo ameweka dole gumba. Mistari 6 ya mkono wa karani, ndiyo maneno yake yote niliyonayo.

Mengine kwa ufupi. Nyaraka za Taifa ziko Moi Avenue, Nairobi. Ulizia majalada ya mkuu wa mkoa wa Pwani, PC/COAST, na ya wilaya kama DC/MSA kwa Mombasa au DC/LAM kwa Lamu. Moto wa 1939 uliunguza majalada mengi ya makao makuu Nairobi, kwa hiyo ukikosa, tafuta nakala upande wa pili: barua za gavana kwenda London ziko kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, mkusanyiko wa CO 533. Wenye wazee wa Rabai au Freretown, vituo vya misheni karibu na Mombasa, wana bahati yao, maana wamisionari wa CMS (Church Missionary Society, misheni ya Kianglikana) waliandika sana, na makaratasi yao yamehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham.

Wanawake ndio wagumu. Kwenye hati za ardhi mke wa Faraji hayumo kabisa. Huyo natarajia kumpata kwenye mirathi, maana kadhi hagawi urithi bila kutaja mjane na mabinti. Jumatatu naenda mahakama ya kadhi na majina matatu ya majirani wa mpaka. Nikimkosa kwenye mirathi ya mumewe, huenda yumo kwenye ya mmoja wao, kama shahidi au mdeni.