Mstari wa chaki: ninavyofundisha kisa cha wanafunzi wa Jajce

Kwanza jifunze kulitamka jina la mji: Jajce, mji wa Bosnia na Herzegovina, barani Ulaya, ambako wanafunzi wa makabila mawili walikataa kutenganishwa shuleni. Mwaka wa kwanza nilisema "Jajise" kipindi kizima, kwa kujiamini kabisa, na kesho yake mvulana mmoja wa kidato cha tatu akanifuata nje ya ofisi ya walimu na kuniambia kwa adabu, "Mwalimu, nimesikiliza watu wa huko wakilitaja. Ni Yaitse." (Alisikilizia wapi na simu zimepigwa marufuku shuleni, sikumuuliza.) Herufi "j" kwao husomwa kama "y" yetu, na "c" husomwa "ts". Yai kwao ni "jaje", na Jajce maana yake ni kama kijiyai. Anza na hilo ubaoni. Darasa likishacheka, limeshakaa.

Mimi nafundisha Historia katika shule ya kutwa kaunti ya Nakuru. Maelezo haya ni ya mwalimu mwenzangu anayetaka kufundisha jinsi vijana wa nchi iliyogawanyika kikabila walivyodai shule zao zibadilishwe, lakini hataki kusimama mbele ya darasa na kuhubiri umoja. Mahubiri ya umoja wanafunzi wetu wamekwisha kuyasikia. Wanayajua kwa moyo, na hayawaingii.

Utahitaji vipindi viwili vya mfululizo, dakika 80. Kimoja hakitoshi, nilijaribu na kengele ikalia wakati ndio kwanza wameanza kukasirika. Utahitaji chaki nyeupe, kitambaa, karatasi za kutosha na kurasa mbili ulizoandika mwenyewe. Jambo moja zaidi, usilipuuze: mwambie naibu wa mwalimu mkuu mapema. Mimi sikumwambia. Alipopita dirishani akasikia vijana arobaini wakiimba "Hatutaki!", alifungua mlango kwa kishindo akidhani ni mgomo. Na ukikumbuka mabweni yaliyochomwa nchini humu, huwezi kumlaumu.

Zile kurasa mbili ndizo kazi kubwa ya maandalizi. Tafuta tukio ambalo darasa zima linalijua lakini halimuumizi mtu. Mimi hutumia mechi ya kandanda kati yetu na shule jirani iliyoamuliwa kwa penalti. Andika masimulizi yake mara mbili, nusu ukurasa kila moja, kwa lugha ya kitabu cha kiada. Katika moja, penalti ilikuwa halali na mlinda lango wao ni mwoga. Katika lingine, refa alinunuliwa na mlinda lango ni shujaa. Tarehe ziwe zilezile, majina yaleyale, hata idadi ya magoli. Usiandike uongo wa wazi. Chagua tu cha kusema na cha kunyamazia. Utashangaa ilivyo rahisi.

Sasa mstari. Wakiwa nje kwa mapumziko, sogeza madawati na uchore mstari wa chaki kuanzia chini ya ubao hadi ukuta wa nyuma. Wakiingia, wagawe. Na hapa nakusihi usirudie kosa langu. Mwaka ule wa kwanza niliwagawa kwa majina ya ukoo, nikidhani nawaletea uhalisia. Nikasoma orodha: wewe huku, wewe kule. Nilipofika katikati kukawa kimya, kimya kibaya, maana kila mmoja alishaelewa ninachofanya. Msichana mmoja ambaye baba yake anatoka upande mmoja na mama yake upande mwingine akasimama mlangoni na daftari kifuani, akauliza, "Mimi niende wapi?" Sikuwa na jibu. Wengi wa wanafunzi hawa walizaliwa mwaka 2008 au baadaye. Vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007, zilizoua zaidi ya watu 1,100, wamezisikia jikoni kwa mama zao. Kwao hiyo haikuwa michezo. Siku hizi nawagawa kwa tarehe ya kuzaliwa: shufwa kushoto, witiri kulia. Inatosha. Mstari utafanya kazi yake hata ukichorwa kwa sababu ya kipuuzi.

Toa amri chache, usicheke. Hakuna kuvuka. Hakuna kuazimana. Kushoto watumie mlango wa mbele, kulia wa nyuma. Kila upande usome ukurasa wake wa mechi kwa dakika kumi, kisha wajibu swali moja: penalti ile ilistahili? Halafu wabadilishane karatasi na kila upande usahihishe za wenzao kwa kutumia "kitabu" chake. Wote watafeli. Kelele zitaanza hapo.

Wewe kaa uangalie vitu vidogo. Mwaka juzi wasichana wawili waliokuwa wakitumia kitabu kimoja waliangukia pande tofauti. Walibishana kwa kunong'ona, kisha wakakiweka juu ya mstari wenyewe, kimefunguliwa, na yule wa kulia akawa anakisoma kichwa chini miguu juu. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Nilikuwa nimepanga maelezo marefu kuhusu ubaguzi katika elimu. Nikayaacha, nikawaomba wote wasimame wakitazame kitabu kile.

Baada ya hapo ndipo unasimulia, wakiwa bado kila mmoja upande wake. Usiwaambie warudi mahali pao.

Waambie Bosnia na Herzegovina ilipigana vita kuanzia 1992 hadi 1995, watu wapatao 100,000 wakafa, na makubaliano ya Dayton yakasimamisha risasi kwa kuigawa nchi: upande mmoja Jamhuri ya Waserbia, upande wa pili Shirikisho la Wabosniaki, ambao wengi ni Waislamu, na Wakroatia, ambao ni Wakatoliki. Shirikisho nalo likakatwa katika kantoni 10, yaani majimbo madogo, kila kantoni na waziri wake wa elimu. Familia zilizokimbia zilipoanza kurudi, watoto wakahitaji pa kusoma, na wazazi waliogopana. Basi zikaundwa zile ziitwazo "shule mbili chini ya paa moja": jengo moja, walimu wakuu wawili, mitaala miwili, milango miwili au zamu mbili. Lilikuwa jambo la muda. Hesabu ya OSCE, lile shirika la usalama na ushirikiano barani Ulaya, ilipofanywa mwaka 2018 bado zilikuwa shule 56 katika maeneo 28. Mjini Travnik kuna uwanja uliokatwa na uzio, shule moja huku, nyingine huku.

Darasa litauliza kama lugha ndiyo iliyowatenga. Andika ubaoni neno kahawa. Mbosniaki husema kahva, Mkroatia kava, Mserbia kafa. Wanaelewana kuliko mtu wa Lamu na mtu wa Unguja. Pakiti za sigara za huko hubeba onyo mara tatu, kwa lugha tatu rasmi. Mara mbili utaona maneno yaleyale kwa herufi zilezile, na mara ya tatu maneno yaleyale kwa herufi za Kisirili, za aina ile ya Kirusi. Darasa langu huwa linashindwa kujizuia hapo, nami huwaacha wacheke, kisha nawaambia kwamba waziri mmoja wa elimu wa kantoni ya Bosnia ya Kati alisema mwaka 2007 kuwa shule hizo haziwezi kuondolewa kwa sababu matofaa na mapeasi hayachanganywi. Ukisema mapeasi watoto wa Nakuru watakutolea macho. Mimi husema maembe na mapapai, halafu nakiri kwamba nimebadilisha matunda.

Jajce ilikuwa tofauti kidogo, na utofauti huo ndio kiini cha somo. Ni mji wa milimani wenye maporomoko ya maji katikati, mto Pliva ukijimwaga katika mto Vrbas. Mwaka 1943 ndiko wapiganaji wa Tito, aliyeongoza vita vya msituni dhidi ya Wanazi, walikokutana na kutangaza Yugoslavia mpya ya shirikisho, nchi ambayo Bosnia ilikuwa sehemu yake. Katika sekondari za mji huo Wabosniaki na Wakroatia walikuwa wakikaa darasa moja na kufuata mtaala wa Kikroatia. Mwaka 2016 wanasiasa wa kantoni wakaamua kufungua sekondari mpya ya mtaala wa Kibosniaki, maana yake watoto waliokuwa wakikaa dawati moja watenganishwe. Wanafunzi wakakataa. Wabosniaki na Wakroatia waliandamana pamoja mjini kwao, na Juni 2017 wakasafiri hadi Travnik, makao ya kantoni, wakasimama mbele ya jengo la serikali. Mwaka huohuo mpango ukawekwa kando. Mwaka 2018 wakapewa tuzo ya Max van der Stoel, tuzo ya kimataifa kwa wanaoboresha hali ya jamii za wachache, yenye euro 50,000.

Usiishie hapo, la sivyo utakuwa umewapa hadithi ya sungura na fisi. Kila mwaka wanafunzi wangu hudhani waliotaka shule mpya walikuwa watu wabaya tu. Basi chukua wanafunzi wako watano wenye ndimi kali kuliko wote, hasa wale wabishi, uwape upande wa wazazi wa Kibosniaki waliotaka shule yao. Wape dakika tano wajiandae. Hoja yao ni nzito: kwa nini mtoto wangu asome historia na lugha kama zilivyoandikwa na upande mwingine, kisha niambiwe huo ndio umoja? Mwaka jana kijana mmoja katika nafasi ya mzazi alisema, "Mnaita darasa moja, lakini kitabu ni cha nani?" Waliokuwa upande wa wanafunzi wakakaa kimya kitambo kizuri. Jibu walilolipata hatimaye, bila msaada wangu, ndilo lililo karibu na madai ya vijana wenyewe wa Jajce: rekebisheni mtaala tusome pamoja, msitujengee ukuta kwa jina la kututetea.

Sehemu ya mwisho ni kuandika. Kila upande uandike barua ya nusu ukurasa kama wanafunzi wa Jajce wa mwaka 2016. Kanuni zangu ni tatu tu: waseme wanachokataa, waseme wanachotaka mahali pake, na waielekeze kwa mtu mwenye uwezo wa kukifanya. Hii ya tatu ndiyo inayowashinda. Nusu ya darasa huandika "Kwa Mheshimiwa Rais". Waulize, rais yupi? Bosnia ina marais watatu kwa pamoja, Mbosniaki mmoja, Mkroatia mmoja, Mserbia mmoja, na hakuna hata mmoja wao mwenye mamlaka juu ya shule ya Jajce. Shule ni ya kantoni. Ndiyo maana vijana wale walipanda basi kwenda Travnik badala ya kwenda Sarajevo. Darasa likilielewa hili, hata namna wanavyolalamikia chakula cha mchana hubadilika. Tangu hapo mimi nimeletewa barua mbili za kweli zilizoandikwa kwa bodi ya shule badala ya kubandikwa mlangoni usiku bila jina.

Barua inayokataa tu bila kutaka chochote, irudishe. Inayotukana, irudishe pia, lakini usiikemee. Makosa ya tahajia yaache, siku hiyo kalamu nyekundu ibaki mfukoni.

Waambie pia yasiyofurahisha. Jajce walizuia shule mpya kufunguliwa. Zile zilizokwisha kugawanyika hawakuzimaliza. Mahakama Kuu ya Shirikisho ilisema mwaka 2014, katika kesi ya shule za Stolac na Čapljina, kwamba utengano ule ni ubaguzi, na bado uzio haukung'oka. Mwanafunzi mmoja akaniuliza, sasa tuzo ilikuwa ya nini? Nikamjibu kuwa hilo ni swali zuri. Silo jibu, najua.

Kuhusu Kenya, usiitaje wewe. Watafika wenyewe, na wakifika kuwe na kanuni moja: hakuna kulitaja kabila lolote kwa jina. Mwaka jana msichana mmoja wa upande wa kulia, mpole, ambaye kwa kawaida huwa haongei, alisema, "Mwalimu, sisi hatuna mstari, lakini siku ya kuchagua viranja kila mtu anajua nani atampigia nani." Usijibu haraka. Mimi nilihesabu hadi ishirini kimoyomoyo. Mvulana wa kushoto akasema, "Hata meza ya chakula." Mwingine akasema si kweli. Wakaendelea.

Acha dakika tano za kusafisha. Sakafu ya saruji hunywa chaki, na dasta itausambaza tu mstari uwe mpana zaidi. Tumia kitambaa kibichi, maji kidogo, na wawili wa kusugua, mmoja kutoka kila upande.